Tumekuwa wa Ngapi?

Hotuba hii, ya kupinga kupanga nchi na shule kwa hesabu ya medali, niliitoa mbele ya walimu wa michezo, wazazi na wanariadha vijana waliokusanyika Arusha kujiandaa na msimu wa mashindano ya shule. Wengi mlioshindwa kufika mmeniomba maneno yote, si muhtasari. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma na viatu vya mbio mmevitundika shingoni, nawasalimu wote.

Naomba nianze na usiku mmoja. Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15 Septemba 2025. Ni wangapi hapa mlikuwa macho saa tisa na nusu za usiku ule? Naona mikono. Basi mnakumbuka. Alphonce Simbu, kijana wa Singida, askari wa jeshi letu, anaingia uwanjani Tokyo kwenye marathoni ya mashindano ya dunia. Mbele yake yupo Amanal Petros wa Ujerumani. Wameshakimbia kilomita 42 kwenye joto na unyevu wa kutoa roho, na bado hawajaachana. Simbu anamfuata. Anamfikia. Petros anajitupa kifua mbele mpaka anaanguka chini. Nani kashinda? Hakuna aliyejua. Simbu mwenyewe hakujua mpaka alipoona jina lake juu kwenye skrini. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kamera ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua, na tofauti yao ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde.

Sehemu tatu za mia! Huwezi hata kupepesa jicho. Na hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano hayo ya dunia yaanzishwe. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Lakini subirini. Mashindano yakaisha, na simu yangu ikaanza kupokea picha ya msimamo wa medali. Mmoja kanitumia, wa pili, wa kumi. Chini ya picha kila mmoja kaandika lake, lakini maana ni moja: tumewapita Ethiopia. Na kwa msimamo ule ni kweli tuliwapita. Tanzania dhahabu moja, medali moja. Ethiopia medali nne, fedha mbili na shaba mbili, dhahabu hakuna. Kwa kuwa nchi hupangwa kwa dhahabu kwanza, sisi juu, wao chini.

Sasa nawauliza walimu wa riadha mliomo humu, na jibuni kwa dhamiri zenu. Yupo hapa anayeamini kwamba Tanzania inaizidi Ethiopia kwenye mbio ndefu? Yupo? Tazameni walivyozikosa dhahabu zao. Yomif Kejelcha alishindwa mita 10,000 na Jimmy Gressier wa Ufaransa kwa sehemu sita za mia za sekunde. Tigst Assefa alishindwa marathoni na Peres Jepchirchir wa Kenya kwa sekunde mbili, baada ya kukimbia zaidi ya saa mbili na dakika ishirini. Petros angeinua kifua mapema kidogo tu, Gressier angechelewa kidogo tu, msimamo wote ungepinduka: Ethiopia juu, sisi chini, na wale wale walionitumia picha wangekaa kimya.

Je, nchi mbili zingekuwa zimebadilika? Viwanja vyetu vingekuwa vimebadilika? Idadi ya watoto wetu wanaokimbia ingekuwa imebadilika hata kwa mtoto mmoja?

Na tusisahau mwaka mmoja nyuma yake. Olimpiki ya Paris 2024. Tulikwenda, tukarudi bila medali. Mnakumbuka tulivyowaita wanariadha wetu? Watalii. Tuliwaita watalii. Simbu alikuwemo kwenye safari ile, alimaliza marathoni akiwa wa 17. Ni Simbu yule yule. Ni miguu ile ile. Mwaka 2024 tulimwita mtalii kwa sababu msimamo wa medali haukuwa na jina letu, na mwaka 2025 tukamwita shujaa kwa sababu jina letu limeonekana. Hadithi ya mzee wetu John Stephen Akhwari, aliyeumia mguu Mexico 1968 na bado akamaliza marathoni akiwa wa mwisho, mnaijua wote, siirudii. Lakini taifa lililomlea Akhwari ndilo lililomtukana mtu aliyekuwa wa 17 duniani.

Hapo ndipo lilipo jambo langu la leo. Sipingi medali. Napinga ile hesabu ya kuzikusanya medali za watu, kuzipachika bendera, kupanga nchi juu na chini, kisha kuamini kwamba tumepima kitu.

Kwanza, ni nani aliyeagiza hesabu hiyo? Hati ya Olimpiki, yaani sheria mama ya michezo hiyo, inasema wazi kwamba Michezo ya Olimpiki ni mashindano kati ya wanamichezo, mmoja mmoja au kwa timu, wala si kati ya nchi na nchi. Kwa miaka mingi hati hiyo hiyo iliikataza Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki na waandaaji kutengeneza orodha ya kupanga nchi. Msimamo ni kazi ya magazeti, kisha redio, kisha televisheni. Na wakati wa vita baridi serikali zikaupenda, kwa sababu ulikuwa njia ya kusema mfumo wetu unaushinda wenu bila kurusha risasi.

Na kwa kuwa hakuna mwenye sheria, kila mtu anahesabu inavyomfaa. Beijing 2008, michezo ilipomalizika, China ilikuwa na dhahabu 51 na Marekani 36. Dunia nzima ikasema China ya kwanza. Vyombo vya habari vya Marekani vikapanga kwa jumla ya medali, 110 dhidi ya 100, na huko Marekani ikawa ya kwanza. Michezo ile ile, medali zile zile! Miaka ikapita, sampuli zikapimwa upya, Wachina watatu wa kunyanyua vyuma wakanyang'anywa dhahabu zao mwaka 2017. Kwa hiyo hata namba zenyewe hazitulii.

Mfano mwingine uwaguse mnaopenda mkuki. Paris 2024, Arshad Nadeem wa Pakistan alirusha mita 92.97, rekodi ya Olimpiki. Wa pili, Neeraj Chopra wa India. Ile ndiyo medali pekee ya Pakistan. India ilirudi na sita: fedha moja, shaba tano. Kwenye msimamo Pakistan ikawa ya 62 na India ya 71. Mimi namheshimu sana Nadeem. Lakini mtu mmoja na mkuki mmoja kaipandisha nchi juu ya nchi yenye medali sita, na watu wakachukua hiyo kuwa hukumu juu ya mataifa mawili. Mkuki ule haukurushwa na Pakistan nzima. Aliurusha Nadeem.

Jambo la pili, na hapa naomba walimu mnisikilize kwa makini. Kabla ya kuhesabu medali, kuna mtu alishakaa mezani akaamua ni vitu gani vitakuwa na medali. Paris kulikuwa na mashindano 329. Kuogelea kwenye bwawa pekee kulikuwa na 35. Mtu mwenye kipaji cha maji anaweza kuogelea kwa mgongo, kwa kipepeo, mtindo huru, umbali huu na umbali ule, na kupokezana na wenzake. Michael Phelps, mwaka 2008, alichukua dhahabu nane ndani ya siku tisa. Alikuwa wa ajabu, hilo sina shaka nalo. Lakini Eliud Kipchoge, ambaye naye ni wa ajabu, alihitaji miaka mitano, kutoka Rio 2016 hadi Tokyo 2021, kupata dhahabu mbili, kwa sababu marathoni ni moja na haikimbiwi mara mbili kwa wiki. Wachezaji 12 wa mpira wa kikapu wakishinda wote pamoja, nchi inaandikiwa dhahabu moja.

Niulize: ni shule ngapi zilizowakilishwa humu zina bwawa la kuogelea? Nyoosheni mikono. Naona mikono miwili. Miwili, katika ukumbi huu wote. Basi dhahabu zile 35 ziliondoka mezani kabla mtoto wako hajazaliwa.

Sasa geuza upande wa pili. Mbio za nyika. Nani asiyejua mbio za nyika katika ukanda huu? Havihitajiki viunzi, halihitajiki bwawa, hauhitajiki uwanja wa mbio wenye sakafu ya tartani. Kenya ilichukua ubingwa wa dunia wa timu za wanaume wakubwa miaka 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003. Miaka kumi na minane! Na mbio za nyika zilikuwemo Olimpiki zamani. Ziliondolewa baada ya Paris 1924, wakimbiaji walipodondoka mmoja baada ya mwingine kwa joto, na hazijarudi. Zingekuwemo, pamoja na timu zake, msimamo wa medali wa Afrika Mashariki ungesomeka vingine kabisa. Hatukuwa dhaifu. Mchezo wetu haukuwa kwenye orodha.

Ya Olimpiki ya majira ya baridi sina haja ya kuyasema sana. Barafu haianguki Kibaha. Nitaje tu kwamba Philip Boit wa Kenya alikwenda Nagano mwaka 1998 kuteleza kwenye theluji kilomita 10, akamaliza wa mwisho, na bingwa wa siku ile, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa bado amesimama kwenye mstari akimsubiri ili amkumbatie. Hadi Beijing 2022 hakuna nchi ya Afrika iliyokuwa na medali hata moja ya michezo ile. Msimamo unasema Afrika sifuri. Dæhlie alisema nini kwa mikono yake?

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kuliko yote. Montreal, 1976.

Vijana, wengi wenu hamjui, na si kosa lenu. Mwaka ule Tanzania ilikuwa na mkimbiaji bora wa mita 1,500 duniani. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, hapa hapa jirani. Mwaka 1974 kule Christchurch, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alichomoka mbele tangu mlio wa bastola, akaongoza mwanzo mpaka mwisho, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Nyuma yake alikuwa John Walker, kijana wa New Zealand, nyumbani kwake. Dunia nzima ikawa inasubiri wakutane tena Olimpiki. Inasubiri! Magazeti ya Ulaya yalikuwa yanaandika Bayi na Walker, Bayi na Walker.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini kwa Makaburu, mwaka ule ule watoto wa Soweto walipopigwa risasi mitaani. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe Olimpiki. Ikakataliwa. Zaidi ya nchi 20, nyingi za Afrika, zikasusia, na Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizosimama mbele. Bayi akabaki nyumbani. Walker akakimbia, akashinda dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17. Simlaumu Walker, alikimbia mbio alizowekewa. Nasema tu kwamba ukifungua msimamo wa medali wa Montreal, New Zealand iko pale na dhahabu hiyo, na Tanzania haipo. Kenya haipo. Henry Rono wa Kenya, ambaye miaka miwili baadaye alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, hana medali hata moja ya Olimpiki. Hakukimbia Olimpiki hata mara moja, kwa sababu Kenya ilisusia 1976 na ikasusia tena 1980.

Nani wa pili kwenye msimamo ule wa Montreal? Ujerumani Mashariki. Nchi ya watu kama milioni 17, dhahabu 40, juu ya Marekani. Wasichana wake walichukua mashindano 11 kati ya 13 ya kuogelea wanawake. Baadaye, ukuta wa Berlin ulipoanguka na mafaili kufunguliwa, ikajulikana kwamba serikali ilikuwa ikiwapa dawa za kuongeza nguvu, pamoja na watoto wa shule, wakiambiwa ni vitamini. Miili ya wengi wao iliharibika. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin ilimtia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa nchi ile. Medali? Hazikurudishwa. Zipo. Hesabu inasimama mpaka leo: Ujerumani Mashariki, dhahabu 40, nafasi ya pili.

Ndugu zangu, nitulie hapa kidogo. Kwenye karatasi moja mna nchi iliyowalisha sumu watoto wake, nayo imeandikwa ya pili duniani. Na mna nchi zilizokataa kucheza huku watoto wa Soweto wakizikwa, nazo hazikuandikwa kabisa. Sifuri yetu ya mwaka 1976 iligharimu zaidi ya dhahabu nyingi zilizohesabiwa mwaka ule. Alilipa Bayi. Alilipa kwa miaka yake bora ya kukimbia. Nani alimuuliza Bayi bei yake?

Kwa haki niseme na upande wa pili. Moscow 1980, Marekani ilipoongoza kususia kwa sababu Wasovieti waliivamia Afghanistan, ilimtuma Muhammad Ali kuzunguka Afrika kutushawishi. Mwalimu Nyerere alikataa kukutana naye. Kenya ikasusia, sisi tukaenda. Bayi akapata fedha kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akapata fedha kwenye mita 5,000. Hizo mbili mpaka leo ndizo medali zetu pekee za Olimpiki. Tunazipenda, na wale wazee wawili walizitolea jasho. Lakini lazima tukiri kwamba Wakenya hawakuwepo. Kwa hiyo 1976 msimamo ulitunyima, na 1980 tuliandikwa mashindanoni ambamo jirani zetu hawakuandikwa. Haukuwa na haki ulipotuumiza na haukuwa na haki ulipotufaa.

Najua wapo wataalamu watakaoniambia, Mwalimu, dawa ipo: tugawanye medali kwa idadi ya watu. Ni wazo zuri, na lilinivutia miaka mingi, hasa nilipoona Julien Alfred wa Saint Lucia akishinda mita 100 Paris, na Thea LaFond wa Dominica, kisiwa cha watu wasiofika laki moja, akishinda miruko mitatu. Nilifurahi mno. Lakini kaa na kalamu. Grenada ilipata shaba mbili Paris kwa watu laki moja na ushei. Ili India, yenye watu zaidi ya bilioni 1.4, ilingane nayo, ingehitaji medali zaidi ya 20,000. Paris nzima zilitolewa medali elfu moja na kidogo! Na kila nchi ina ukomo wa watu wa kuingiza kwenye kila shindano. Kwenye mbio ni watatu. India ingeshinda karibu kila kitu duniani na bado ingekuwa chini ya Grenada. Hiyo ni haki? Tumehamisha uonevu tu, kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa.

Na bendera zenyewe? Fainali ya wanawake ya viunzi na maji, Paris. Wa kwanza Winfred Yavi, wa pili Peruth Chemutai, wa tatu Faith Cherotich. Chemutai wa Uganda, Cherotich wa Kenya. Yavi alizaliwa Kenya, anakimbilia Bahrain, na dhahabu iliandikwa Bahrain. Simhukumu dada yule. Alitafuta mahali pa kukimbia, akapata. Lakini mwaka 2003 kwenye mashindano ya dunia, Stephen Cherono alikimbilia Qatar kwa jina la Saif Saaeed Shaheen, akamshinda Ezekiel Kemboi wa Kenya, na ndugu yake mwenyewe alikuwa kwenye mbio zile zile akiwa amevaa jezi ya Kenya. Ndugu wawili, familia moja, msimamo ukawatenga nchi mbili. Ukiona nchi imepanda, jiulize kama ni uwanja umejengwa au ni pasipoti imechapishwa.

Mtaniuliza: basi hesabu hii ina madhara gani? Si burudani tu? Nilidhani hivyo. Acha niwape kisa cha Waingereza, kisha changu.

Atlanta 1996 Uingereza ilipata dhahabu moja tu, ikawa ya 36. Ilikuwa fedheha kwao. Mwaka uliofuata wakaanza kumwaga fedha za bahati nasibu ya taifa kwenye michezo, na baadaye wakaweka kanuni kali: fedha ziende kwenye michezo yenye uhakika wa medali. Baiskeli, makasia, mashua. Rio 2016 walipata dhahabu 27, wakawa wa pili duniani, mbele ya China. Wengi huishia hapo na kupiga makofi. Lakini mwaka 2014 mpira wa kikapu ulinyimwa fedha zote za mpango ule. Kikapu! Mchezo unaochezwa na vijana wa mitaa ya kawaida, wenye mpira mmoja na ukuta. Kosa lake? Timu ya watu 12 inaleta medali moja, tena haina uhakika. Mwendesha baiskeli mmoja analeta tatu. Hesabu ndiyo iliyoamua mtoto yupi apewe.

Niliposoma habari ile nilifunga gazeti. Kwa sababu nilishafanya jambo lile lile.

Walimu wa zamani mnajua kikombe cha mshindi wa jumla kilivyokuwa kikitunyima usingizi. Shule yetu ilikuwa ndogo, ya kutwa. Mwaka mmoja msichana wetu alishinda mita 1,500 na mita 3,000 ngazi ya mkoa, kwa raba zilizoshonwa na uzi wa gunia. Tulirudi tukiimba. Getini mkuu wangu wa kazi akauliza neno moja tu: tumekuwa wa ngapi? Tulikuwa wa tisa kati ya shule kumi na moja. Akageuka akaondoka. Yule binti alikuwa amesimama na vyeti vyake viwili mkononi, wala hakuombwa avionyeshe.

Mwaka uliofuata niliapa kwamba sitaulizwa tena swali lile nikakosa jibu. Nikakaa na kalamu. Nauli ilikuwa ya watu 14. Timu ya mpira wa pete ilikuwa inakula nafasi kumi, na ikishinda inaleta alama za shindano moja. Wakimbiaji watatu wanaweza kuleta alama za mashindano saba. Basi nikaifuta timu ya mpira wa pete. Niliifuta kwa kalamu yangu mwenyewe, mezani pangu, jioni moja. Nikapeleka wakimbiaji na warukaji. Tukawa wa nne. Mkuu akanipa mkono mbele ya shule nzima.

Asubuhi ile ile, baada ya paredi, kapteni wa mpira wa pete alinifuata nje ya ofisi. Alikuwa kidato cha tatu. Hakulia wala hakunikosea adabu. Aliniuliza, "Mwalimu, sisi tulikosa nini?"

Wasichana wale hawakucheza tena. Goli moja lililokuwa uwanjani liling'olewa likawa nguzo ya banda. Wadogo zao walioingia shuleni miaka iliyofuata hawakukuta timu. Kwenye hesabu yangu tulipanda nafasi tano. Kwenye uwanja, wasichana kumi waliacha michezo, na sijui ni wangapi ambao hawakuanza kabisa.

Kapteni yule leo ni mama wa watoto watatu. Amekaa safu ya tatu kutoka mbele, na nimemwomba ruhusa kabla ya kusema haya. Binti yake yumo kwenye timu ya mpira wa pete itakayosafiri mwezi ujao.

Ndugu Mwenyekiti, nina maombi mawili. La kwanza ni kwa kikao hiki. Msimu huu kikombe cha mshindi wa jumla kiwekwe kabatini. Mahali pake, siku ya kufunga, kisomwe kwa kila shule kitu kimoja: imeleta watoto wangapi, na wangapi kati yao wamepunguza muda wao au wameongeza urefu wa mruko wao kuliko mwaka jana. Makarani mnazo saa na tepu. Kazi hiyo mnaiweza. La pili ni kwa waandishi wa habari mliomo humu. Mwaka 2028 timu yetu itakwenda Los Angeles. Atakayemaliza wa 17, andikeni muda wake, andikeni alikotoka na alivyojiandaa. Nafasi ya nchi iacheni.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.